Desa Halitakufikisha Bendi ya 7

Wanachuo wenzangu, siku majibu yangu ya IELTS yalipotoka nilikuwa kwenye foleni ya kantini, sahani mkononi. Nikafungua simu: Kusikiliza 7.0, Kusoma 6.5, Kuandika 5.5, Kuzungumza 6.0. Wastani wa jumla 6.5. Nikapiga kelele mpaka mama wa wali akaniuliza kama nimeshinda mkeka.

Furaha ile haikumaliza hata sahani ya wali. Chuo nilichoomba kwenda kusoma semesta moja nje kilitaka wastani wa 6.5, sawa, lakini kilitaka pia pasiwe na sehemu hata moja iliyo chini ya 6.0. Nusu bendi tu ya Kuandika ikanifungia mlango. Ada ya mtihani, iliyokuwa imemeza bumu langu karibu lote, ikaenda na maji.

Nayasema haya kwa sababu kila nikiingia kwenye makundi yetu ya WhatsApp nakuta swali lilelile: "Wakuu, nani ana desa la IELTS?" Mimi nilikuwa nalo. Nilikuwa na insha 20 zilizoandikwa na watu nisiowajua, na nilizikariri zote kama tunavyokariri nondo za UE. Msimamo wangu leo ni huu: desa ndilo lililoniangusha, na ndilo litakalokuangusha na wewe. Mtihani ule unapima kitu ambacho shule zetu hazikutupa nafasi ya kukifanya, yaani kusema na kuandika wazo letu wenyewe. Dawa yake ni kulifanya hilo jambo kila siku, mbele ya mtu atakayekusahihisha.

Tuanze na Kuandika, maana ndiko wengi tunakoachia alama. Una dakika 60 na kazi mbili. Ya kwanza maneno yasiyopungua 150, ya pili ni insha ya maneno yasiyopungua 250, na hiyo ya pili ina uzito mara mbili ya ile ya kwanza. Mimi nilitumia dakika 35 kuremba kazi ya kwanza, nikabaki na dakika 25 za insha. Hilo peke yake lingetosha kuniumiza. Kubwa zaidi, niliulizwa kama kazi za kujitolea ziwe lazima kwa vijana, na mimi kichwani nilikuwa na insha nzuri sana kuhusu ukosefu wa ajira kwa vijana. Nikaimwaga yote. Msahihishaji anatazama mambo manne: umejibu swali lililoulizwa, mawazo yanafuatana, msamiati unatosha na umekaa mahali pake, sarufi ni sahihi na ina sura mbalimbali. Insha yangu ilianguka kwenye lile la kwanza kabisa. Vigezo hivi havijafichwa, vipo mtandaoni bure, lakini sisi tunaolipa ada nzima hatuvisomi.

Kusoma nako kuna mtego unaotupata sisi hasa. Unapewa sentensi, useme kama ni kweli, si kweli, au haikutajwa. Chukua mfano: kifungu kinaeleza jinsi sangara alivyopandikizwa Ziwa Viktoria miaka ya 1950. Swali linasema sangara ndiye samaki anayeliwa zaidi Mwanza. Wewe umekulia Mwanza, umekula sangara, unaandika kweli. Umekosa! Kifungu hakikusema lolote kuhusu ulaji, kwa hiyo jibu ni haikutajwa. Hapa hawapimi unachokijua wewe, wanapima kama unaweza kukaa ndani ya maneno ya mwandishi. Maswali ni 40 ndani ya dakika 60, na jibu lisilo sahihi halikatwi alama, basi usiache nafasi wazi hata moja.

Kusikiliza, sauti inapigwa mara moja tu. Hakuna "rudia kidogo, mwalimu". Wakikuambia jibu lisizidi maneno mawili, ukaandika matatu, umepoteza hata kama lililo sahihi limo humo ndani. Ukikosea tahajia, umepoteza pia. Nilichofanya mara ya pili ni kuchukua taarifa ya habari ya dakika tatu kila asubuhi, naisikiliza mara moja, naandika nilichokamata, kisha ndipo narudia kuona nilichoacha. Wiki ya kwanza nilikuwa nakamata nusu. Sikukata tamaa, maana nilikuwa naona kabisa ni wapi sikio langu linateleza.

Kuzungumza ni dakika 11 hadi 14, uso kwa uso na mtahini. Katikati unapewa mada na dakika moja ya kujiandaa, kisha unatakiwa uzungumze dakika moja hadi mbili peke yako. Mimi mara ya kwanza nilikwenda na lafudhi ya kuazima kwenye filamu za Marekani. Hakuna aliyeniomba lafudhi ile. Kinachotakiwa ni kueleweka bila mtu kukaza masikio, na Mtanzania anayesema kama Mtanzania anaeleweka vizuri tu. Makosa yangu ya kweli yalikuwa mengine: nilimwita dada yangu "he" mara mbili, kwa sababu kwa Kiswahili yeye ni yeye, awe mwanamke au mwanamume. Kosa kama hilo huwezi kulisikia mwenyewe. Lazima awepo mtu wa kukushtua.

Ndipo tukaanza, wanne, chumbani kwetu hosteli. Kila jioni saa 2 mmoja anachomoa mada kwenye kopo la blueband, anapewa dakika moja, anazungumza dakika mbili, simu inarekodi. Halafu tunasikiliza pamoja. Jamani, kujisikiliza ni adhabu! Lakini baada ya wiki mbili unaanza kujisahihisha kabla sentensi haijaisha. Kila Jumamosi tunaandika insha moja kwa dakika 40 zilizohesabiwa, tunabadilishana karatasi, na anayesahihisha haruhusiwi kuandika "nzuri". Anaandika swali: hapa unamaanisha nini? Mfano uko wapi? Hii inajibu swali gani? Tulifanya hivyo miezi mitatu. Niliporudi kwenye mtihani nilipata 7.0, 7.0, 6.5 na 6.5, wastani 7.0. Nafasi ya ile semesta ilikuwa imeshakwenda kwa mwingine, lakini majibu haya yanakubalika kwa miaka miwili, na maombi mengine nimeshatuma.

Najua kuna atakayesema: kwa nini Mtanzania apimwe kwa Kiingereza, lugha ya wenyewe? Sikatai, hoja hiyo ina uzito. Mimi ni mtoto wa shule ya kata. Nilisoma kila kitu kwa Kiswahili hadi darasa la saba, kisha siku ya kwanza ya kidato cha kwanza biolojia ikaja kwa Kiingereza kama mgeni asiyebisha hodi. Tangu hapo hadi kidato cha sita sikumbuki hata mtihani mmoja ulionitaka nifungue mdomo. Tulinakili ubaoni, tukakariri, tukafaulu. Ukimlaumu kijana huyu kwa Kiingereza cha kuombea maji, unamwonea.

Lakini mimi nasomea ualimu, na hapo ndipo jambo hili linaponiuma. Mwaka jana tulipokwenda fildi nilifundisha kidato cha pili. Nikauliza swali kwa Kiingereza, darasa kimya, watoto wanatazama madawati. Nikaliuliza kwa Kiswahili, mikono ikajaa hewani. Nikafanya nini? Nikaandika jibu ubaoni kwa Kiingereza, nikawaambia wanakili. Yaani niliwapa desa. Usiku ule nilielewa kwamba 5.5 yangu haikuanzia kwenye chumba cha mtihani. Ilianzia kwenye dawati kama yale, na mimi nilikuwa tayari naipeleka kwa wengine. Siku zilizobaki niliwaacha wajadiliane kwanza kwa Kiswahili, kisha kila mmoja aseme sentensi moja tu ya Kiingereza, yake mwenyewe, mbovu au nzima. Walicheka, walikosea, walirudia. Lakini walisema.

Kwa hiyo nina ombi kwa viongozi wetu wa serikali ya wanafunzi. Kila mwaka mnatuletea semina ya siku moja ya fursa za masomo nje, tunapewa soda na vipeperushi, tunapiga picha, tunaondoka. Tupeni badala yake chumba kimoja, jioni mbili kwa wiki, semesta nzima. Hatuhitaji mtaalamu wa kulipwa. Wanafunzi wa lugha na ualimu tupo wengi, na kusahihisha ni kazi tunayojiandaa kuifanya maisha yetu yote. Aliyefanya mtihani amsaidie anayejiandaa. Na asiye na mpango wa kwenda nje aje pia, maana usaili wa kazi nao haujibiwi kwa desa.

Wakati mnalijadili, sisi wanne hatujaacha. Kopo la blueband bado lipo, mada zimo, na viti tunaazima vyumba vya jirani. Anayetaka aje saa 2 usiku na daftari tupu. Lile lililojaa insha za watu aliache chumbani kwake.