Kunyata usiku kwenye matete ya Ruzizi tuache kwa sasa

Wawindaji wa uwanda wa Ruzizi wanajua kunyata. Unatembea ukiuelekea upepo, hukanyagi tete kavu, hukohoi. Usiku upepo unashuka toka milimani kwenda ziwani, kwa hiyo mwindaji anaingilia upande wa maji. Ni ujuzi wa wazee, siudharau.

Lakini upande huo ni njia ya kiboko. Giza likiingia anatoka majini kula majani, anarudi kabla ya kupambazuka. Mtu asiyesikika, akiwa katikati yake na maji, ndiye anayemshtua. Tena kuna wenye bunduki. Wakiona mtu anatambaa kimya gizani, nani atauliza kama anatafuta nyama?

Vijana watanijibu kwamba familia zilizokimbia Luvungi na Sange zina njaa, na kelele inafukuza nyama. Kwa swala, kweli. Kwa ndezi, hapana! Ndezi anawindwa vizuri mchana, kwa kundi na mbwa: hawa wanapiga kelele na kutikisa nyasi upande mmoja, wale wanangoja na marungu upande wa pili. Kibali kiombwe kwanza, sheria ya uwindaji ya 1982 inakidai, na chefu wa kijiji ajue nani anaingia na saa ngapi.

Na ninyi mama zetu mnaoteka maji ziwani, ngojeni kuche kabisa. Mkiwa njiani ongeeni kwa sauti, gongeni bidoni.