Kumbukumbu Zetu Zisikatwe kwa Kipimo cha Diski

Vyuo, nyumba za ibada, vikundi vya sanaa na ofisi za umma bado vina makabati yenye DVD na kanda za video za miaka ya 1990 na 2000. Humo mna mahafali, hotuba, ngoma, mikutano ya hadhara na mazishi ya watu waliolitumikia taifa. DVD za kurekodia hazidumu milele. Tabaka la rangi linalobeba data huharibiwa na joto, mwanga na unyevu, na vyote vitatu tunavyo kwa wingi. Kuzihamishia kumbukumbu hizo kwenye kompyuta ni jambo la lazima. Ninalotaka tulijadili linaonekana kuwa la mafundi pekee, ilhali lina siasa ndani yake: nani anaamua faili la video liwe na ukubwa gani, na kwa kigezo kipi?

Tuanze na hesabu. Ukubwa wa faili la video ni zao la vitu viwili: idadi ya biti zinazotumika kwa kila sekunde, na idadi ya sekunde zenyewe. DVD ya tabaka moja hubeba baiti bilioni 4.7, yaani biti bilioni 37.6. Filamu ya dakika 90 ina sekunde 5,400. Ukigawanya, unapata takribani biti milioni 7 kwa kila sekunde, picha na sauti pamoja. Kwa hesabu hiyo fundi anaweza kukuambia ukubwa wa faili kabla hajaanza kazi, na akakosea kidogo tu.

Asichoweza kukuambia ni picha itakayotoka itakuwaje. Mhadhiri aliyesimama mbele ya ubao hudai biti chache, kwa sababu fremu moja hufanana na iliyoitangulia, na programu huhifadhi zaidi kile kilichobadilika. Ngoma uwanjani, penye vumbi, majani na umati unaoyumba, hudai biti nyingi zaidi. Kanda iliyochakaa hudai nyingi vilevile, kwani chenga zake hubadilika katika kila fremu, na programu haina namna ya kujua kwamba chenga si habari. Dakika 90 za mhadhara na dakika 90 za ngoma zinaweza kupewa ukubwa uleule wa faili, lakini hazitapata hasara ileile.

Waliowahi kununua DVD za mitaani zenye filamu 10 kwa pamoja wanaifahamu hasara hiyo kwa macho. Tuchukulie diski ilikuwa ya tabaka moja na kila filamu ilikuwa ya dakika 90. Biti milioni 7 kwa sekunde zinashuka hadi takribani laki 7. Ndiyo maana nyuso za waigizaji ziligeuka vigae kila mtu alipokimbia. Muuzaji hakudanganya kuhusu idadi, maana filamu zote 10 zilikuwamo. Kilichopunguzwa ni kile ambacho hakikuandikwa kwenye kasha.

Hofu yangu ni kwamba mantiki hiyohiyo huingia kwa urahisi katika miradi ya kuhifadhi kumbukumbu. Diski hununuliwa kwanza, kisha fundi huagizwa ahakikishe kila kitu kinaenea. Fundi hodari atatumia usimbaji wa mizunguko miwili: mzunguko wa kwanza huikagua video yote, na wa pili hugawa biti kulingana na mahitaji ya kila sehemu. Huo ni mgawanyo wa haki, lakini ni mgawanyo wa haki wa chakula kisichotosha. Njia nyingine, inayopatikana katika programu kama x264, ni kuchagua kiwango cha ubora na kuacha ukubwa wa faili ujitokeze wenyewe. Kwa kumbukumbu za umma, naitetea njia hii ya pili.

Najua mhasibu atauliza: nitaandaaje bajeti ya kitu kisichojulikana ukubwa wake? Swali lake ni halali, na jibu lake tunalo katika mbinu tunazowafundisha wanafunzi wa utafiti. Chukua sampuli. Katika kila dakika 10 za video, simba dakika moja kwa ubora uliouchagua, jumlisha ukubwa wa vipande hivyo, kisha zidisha kwa 10. Usichukue dakika za mwanzo pekee, kwa kuwa maandishi juu ya mandhari meusi hudai biti chache na yatakupa matumaini ya uongo. Ongeza akiba kidogo. Utapata makadirio yanayotosha kununulia vifaa, bila kuihukumu picha kabla ya kuitazama.

Kuna swali linalotangulia hata hilo: je, kubana kunahitajika? Video iliyomo kwenye DVD imekwisha kubanwa mara moja. Kuibana tena ni kuipotezea habari mara ya pili, na habari iliyotupwa hairudi. Terabaiti 1 huingiza zaidi ya DVD 200 za tabaka moja zilizojaa, zikinakiliwa kama zilivyo. Taasisi yenye diski 150 haina sababu ya kubana nakala rudufu hata moja. Nakala nyepesi za kutazamwa kwenye simu zinaweza kutengenezwa baadaye, mradi nakala kamili ibaki, tena mahali pawili tofauti.

Kwa hiyo wanaoandika zabuni za kazi hii wasitaje idadi ya gigabaiti pekee. Waandike kiwango cha ubora kinachotakiwa, waandike namna sampuli zitakavyochukuliwa, na wamtaje mtu atakayekaa na kulinganisha picha mpya na ya asili kabla kanda au diski haijatupwa. Mtu huyo awe anayajua yaliyomo: mcheza ngoma aikague ngoma, na aliyekuwapo mkutanoni aukague mkutano. Fundi atajua kama faili limeenea kwenye diski. Kama uso wa msemaji bado unatambulika, hilo litajulikana na aliyemfahamu, na watu hao wanapungua kila mwaka.