Sola ya Kujitengenezea: Fikiria Maji Kabla ya Seli

Leo naacha mbegu na mbolea kidogo nizungumzie sola, maana hapa Kakonko naulizwa sana: "Bwana shamba, nikinunua seli tupu nikaunga mwenyewe, si itakuwa nafuu?"

Nafuu ipo, sikatai. Ila wengi tunaipotezea kwenye kuziba. Mimi mwenyewe yamenikuta.

Niliunga seli 36 mfululizo. Kila seli hutoa kama nusu volti, kwa hiyo zinatosha kuchaji betri ya volti 12 ya taa za banda la kuku. Nikazipanga juu ya plaiwudi, nikafunika na kioo cha dirisha, nikaziba pembeni kwa silikoni ya dukani. Kiangazi chote ikafanya kazi, nikajiona fundi. Mvua zilipokolea Novemba, kila asubuhi nikawa naona jasho ndani ya kioo. Kufika Machi betri haijai tena. Usiku mmoja taa zikazimika mapema, kicheche akaingia bandani. Kuku 11 wakaenda.

Kilichonidanganya ni testa. Kila nikipima volti, naziona zipo, karibu 20. Nilipopima ampea juani ndipo nikashtuka: karibu hakuna kitu. Unyevu ulikuwa umekula ile mistari myembamba ya fedha juu ya seli na tepe zinazoziunganisha. Seli bado inazalisha, ila njia ya umeme kupita imeoza. Kwa hiyo usipime volti peke yake.

Nilikosea wapi? Kwanza, boksi lenye hewa ndani linapumua. Mchana hewa inapata joto na kutoka, usiku inapoa na kuvuta unyevu wa nje kupitia kila tundu dogo, hata pembeni ukizibaje. Pili, silikoni niliyotumia ni ile yenye harufu ya siki. Ile harufu ni asidi, nayo inakula shaba. Ipo nyingine isiyo na harufu hiyo, uliza hiyo. Tatu, plaiwudi yenyewe inanyonya maji.

Wafugaji wa nyuki wenzangu wameniuliza kuhusu nta, maana kwetu ipo tele. Jamani, hapana. Nta inayeyuka kwenye nyuzi joto 62 hadi 65 hivi, na paneli iliyofungwa chini ya kioo saa saba mchana inaweza kupita hapo. Resini ya faiba nayo hugeuka njano juani na kupasuka.

Angalia wenzetu wa kiwandani. Naivasha, Kenya, kuna kiwanda cha paneli kilichoanza mwaka 2011. Kazi kubwa ya kiwanda cha namna hiyo si kutengeneza seli, ni kuzifunga: seli zinalazwa katikati ya karatasi maalumu za plastiki chini ya kioo, hewa inanyonywa yote, kisha zinapashwa moto hadi karibu nyuzi 150 ili vyote vishikane kitu kimoja. Hakuna nafasi ya jasho. Ndiyo maana paneli nzuri huahidiwa miaka 20 hadi 25.

Msimamo wangu basi ni huu. Kama hela yako inatosha seli tu, usijenge. Nunua paneli ndogo ya kiwandani, hata ya taa mbili. Ukiamua kujenga, punguza seli, hela ihamie kwenye kinga: kioo kizima, fremu ya alumini, na silikoni laini angavu ya kumwaga, izizamishe seli zote zishikane na kioo bila povu. Seli ina unene kama wa kadi ya simu au chini yake, usiibane. Kabla ya kuipandisha bati, imwagie maji kwa keni nusu saa, iache usiku kucha, asubuhi uangalie. Ukiona jasho, rudia kazi.

Na paneli yako ya kwanza isikabidhiwe kitu ambacho huwezi kukipoteza. Ichaji simu na redio kwanza, ipite masika moja. Ikivuka salama, ndipo uipe banda la kuku.

Seli mvumilivu, maji hayana subira. Mwenye paneli aliyoiziba ikavuka mvua mbili aniite, nitakuja na testa yangu nijifunze kwake.