Polisi akiumia kazini Australia: kwa nini mwaka wa kuajiriwa una uzito

Kama unamuuguza mume, kijana au binti aliyeumia akiwa polisi katika jimbo la New South Wales, Australia, anza kwa kuuliza aliajiriwa lini.

Aliyeingia kabla ya 1 Aprili 1988 yuko kwenye mfuko wa zamani wa pensheni ya polisi, wa sheria ya 1906. Akistaafishwa kwa kuumia kazini, pensheni yake huanzia asilimia 72.75 ya mshahara. Walioingia baadaye hawana hifadhi hiyo. Walitegemea fidia ya kuumia kazini, mpaka 2005 makubaliano ya ajira yenye nguvu ya sheria yalipowaongezea malipo ya mkupuo kwa kifo na kwa ulemavu wa kudumu, hata usio kamili.

Huo ulemavu usio kamili ndio uliozua mvutano. Polisi asiyeweza tena kwenda doria, ila anaweza kazi nyingine, alipata fungu kubwa kwa mara moja. Na wengi waliolipwa hawakuwa wamevunjika mguu. Walikuwa na kiwewe cha ajali na maiti walizoziona. Mwaka 2011 serikali ya Barry O'Farrell ikasema gharama zimepanda mno. Polisi waliandamana hadi Bunge la jimbo mjini Sydney, lakini sheria ilipita. Mkupuo ule ukaondolewa, yakaja malipo ya kufidia mshahara yenye kikomo cha muda. Oktoba 2024 mpango ukabadilishwa tena.

Serikali ilikuwa na hoja: ni vizuri mgonjwa asaidiwe kurudi kazini kuliko kulipwa aondoke. Shida iko nyumbani. Mkupuo ulilipa deni la nyumba; malipo yenye kikomo yanamwacha mlezi akihesabu miezi, na kiwewe hakifuati kalenda.

Mara nyingi wewe ndiye unayeona kwanza: halali, anashtuka mlango ukigongwa, amekuwa mkali kwa watoto. Andika tarehe. Mpeleke kwa daktari mapema, na daktari aeleze kwenye cheti kama ugonjwa umetokana na kazi, kwa sababu madai ya fidia kwa kawaida hupelekwa ndani ya miezi 6. Na asiandike barua ya kuacha kazi kabla ya kuonana na chama cha polisi au mwanasheria. Kujiuzulu na kustaafishwa kwa ugonjwa ni vitu viwili tofauti, hata kama siku hiyo anachotaka ni kutoka tu.