Tupimwe, na Matokeo Tupewe

Siye watumishi wa mine tunaambiwa kila siku: vaa kaske, vaa buti. Ni vizuri. Lakini sumu yenye haionekani, nani anatukinga nayo?

Kuna kemikali zenye florini, wachunguzi wanaziita PFAS. Ziko katika mapovu fulani ya kuzimia moto wa petroli na mazutu. Haziozi upesi; zingine zinabaki ndani ya damu miaka na miaka. Mwisho wa 2023, kituo cha OMS cha kuchunguza kansere kiliweka moja yao, PFOA, katika fungu la kwanza: inaletea watu kansere.

Labo inaweza kupima kama ADN imeharibika. Wanapitisha umeme kwenye chembe za damu; ADN yenye kukatika inaburuta mkia. Watu watasema: vipimo vingi havionyeshi PFOA ikikata ADN. Kweli, lakini kansere inaweza kupita njia zingine. Kwa hiyo kipimo kimoja hakitoshi.

Na hapa kwetu inawezekana. Kasulo, katika Kolwezi, wachunguzi wa Lubumbashi na Leuven walipima watu. Katika 2018 walitangaza: watoto wana kobalti nyingi, na alama za ADN kuharibika. Ile ilikuwa kobalti. Na florini, tunangoja nini?

Tunaomba hivi: kampani ziseme mapovu yao yana nini, tupimwe, na karatasi ya matokeo ashike mtumishi mwenyewe, isilale kwenye kabati ya patron.