Kaptura Yako Aliishona Nani?

Nenda kwenye kichen pati yoyote ya Dar es Salaam, kaa mpaka zawadi zifunguliwe, utayasikia. Likifunuliwa jiko la gesi lenye oveni, au cherehani iliyofungwa utepe mwekundu, mmoja wa akina mama wakubwa atashika kipaza sauti amwambie bibi harusi kwamba wanawake wa siku hizi wameharibika kwa uvivu. Zamani, atasema, mama alimshonea mwanawe nguo kwa mkono wake na kumwokea mkate kwa mkono wake. Leo mtoto anavaa mtumba, anakula keki ya kununua, na mama yuko kwenye simu. Ukumbi utapiga vigelegele. Bibi harusi, ambaye Jumatatu saa kumi na moja alfajiri atakuwa kituoni anagombea daladala, atainamisha kichwa apokee lawama kabla hata hajamzaa huyo mtoto.

Napinga. Sina ugomvi na sindano wala na oveni. Ninazo zote mbili na ninazitumia. Ninachokataa ni hiyo zamani. Haikuwa hivyo, na wanaoisimulia wanajua, maana waliiishi.

Mwulize mzee yeyote aliyesoma shule ya msingi Tanga, Kisumu au Bujumbura: kaptura yako aliishona nani? Atakuambia fundi. Baba au mama aliingia dukani kwa Mhindi, akapimiwa kaki, akatoka nayo barazani, na hapo barazani palikuwa na mwanaume mwenye futi shingoni na chaki nyuma ya sikio. Alimpima mtoto kiuno, akaandika tarakimu kwenye kipande cha karatasi, akasema rudi Ijumaa. Ijumaa ikifika, nguo haijaguswa. (Hilo ndilo la zamani lililobaki mpaka leo bila kubadilika hata kidogo.) Pita Ngamiani kule Tanga, pita Kariakoo, pita vichochoro vya Mji Mkongwe uhesabu miguu iliyo kwenye pedeli za Singer na Butterfly. Wanawake wapo, na wanaongezeka kadiri vyuo vya ufundi vinavyowatoa, lakini kwa miongo mingi cherehani ya barazani ilikuwa mali ya wanaume. Kushona kulipolipa, kulikuwa kazi ya baba. Iweje kulipokuwa bure kukageuka wito wa mama?

Na kabla ya baraza na cherehani? Pwani mtoto mchanga alifungwa kipande cha kanga kilichochakaa kikalainika, na bara watoto wadogo wa kwetu wengi walizurura na shanga za kiunoni tu, wakiwa na afya zao. Hapakuwa na gauni la kushona, kwa hiyo hapakuwa na mama wa kulishona.

Sisemi kwamba bibi zetu hawakushika sindano. Walishika, tena kwa ustadi ambao wengi wetu hatutaufikia. Kofia za mkono za Lamu na Unguja, zile zenye vitundu vidogo vilivyozungushiwa uzi kimoja kimoja, mwanamke huweza kushona moja kwa wiki nyingi, akiiweka na kuichukua kati ya kupika na kulea. Ila kofia nyingi kati ya hizo zilikwenda sokoni, na fedha yake ikawa ya mwanamke mwenyewe, asiyeulizwa na mtu ameitumiaje. Mikate ni vivyo hivyo. Mkate wa kumimina, mkate wa sinia, vitumbua, mahamri: hayo ni yetu kweli, na mama anayejua kuweka mkaa juu ya mfuniko na mkaa chini ya sufuria ana elimu isiyo na cheti. Lakini boflo ya asubuhi ilitoka bekari, ikaletwa na kijana wa baiskeli. Na yule anayeamka saa kumi usiku kuumua vitumbua, mara nyingi anaumua vya kuuza, ili apate ada na sare. Watoto wake wanavaa mtumba. Wale wa kichen pati wamwite mvivu mbele yake, waone.

Sasa picha hii ya mama aliyetulia nyumbani, aproni kiunoni, keki ikiiva huku gauni la binti likingoja vifungo, ilitoka wapi? Sehemu kubwa ililetwa. Karne ya 19 wamisionari wa Kianglikana wa UMCA walikuwa na shule ya wasichana pale Mbweni, Unguja, iliyoongozwa kwa miaka mingi na Caroline Thackeray, na wanafunzi wake wa mwanzo walikuwa mabinti waliokombolewa utumwani. Sindano ilikuwa sehemu ya masomo yao. Mwaka 1952, Kenya ikiingia kwenye Hali ya Hatari ya vita vya Mau Mau, serikali ya kikoloni ilianzisha Maendeleo ya Wanawake, na katika vikundi vyake wanawake walifundishwa kushona, kuoka na usafi wa nyumba wakati vijiji vyao vikiwa vitani. Upande wa Wabelgiji, wake za wafanyakazi wa Elisabethville (Lubumbashi ya leo) na Usumbura (Bujumbura ya leo) walikusanywa kwenye vituo vya jamii kujifunza kufuma, kupiga pasi na kushona nguo za watoto. Nyuma ya mafunzo hayo yote kulikuwa na dhana moja: mume ana mshahara unaotosha, na mke hana shamba, hana biashara, hana pa kwenda. Wanawake wengi walichukua ule ujuzi wakaugeuza kuwa riziki, nami nawapongeza. Ile dhana ndiyo iliyobaki, tukaibatiza jina la mila.

Ipo sehemu moja ya hiyo kumbukumbu ambayo ni ya kweli, na ndiyo inayoniuma zaidi. Watanzania wengi wenye umri wangu au zaidi wanamkumbuka kweli mama akiwashonea. Ukiwauliza mwaka, watakutajia ile miaka ya baada ya Vita vya Kagera, kuanzia 1979 mpaka katikati ya miaka ya 80. Miaka ya foleni. Duka halina sabuni, halina sukari, halina mafuta ya kula. Kitenge kikifika kwenye duka la kaya habari zinatangulia mtaani kabla ya lori. Nguo za mitumba zilikuwa bado hazijafunguliwa mlango. Katika miaka hiyo mama alifumua gauni lake la harusi akatoa magauni mawili ya watoto. Alikata mguu wa suruali ya baba iliyotoboka makalioni, akapata kaptura. Mfuko wa ngano wa kitambaa ulifuliwa mpaka maandishi yakafifia, ukawa chupi. Mkate ulipokosekana alipika alichopata, na ugali ukawa wa mahindi ya njano ya msaada, ule watu walioubatiza Yanga.

Mama yule alikuwa shujaa, sibishi. Lakini alikuwa anapambana na uhaba. Mlango ulipofunguliwa na mitumba ikaingia, yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa wa kwanza kukimbilia belo likikatwa kamba. Hakusema nitaendelea kufumua magauni yangu kwa mapenzi. Dhiki iliyomlazimisha ndiyo tunayomtwisha binti yake leo kama kipimo cha malezi.

Wapo watakaoniambia niache historia, tuzungumze fedha: kujishonea kunabana matumizi. Haya, tukae mezani. Chukua gauni la mtoto wa miaka mitatu. Watu hudhani kitambaa kidogo ni kazi ndogo. Tundu la mkono ni dogo hata kitambaa hakitaki kulala chini ya mguu wa cherehani. Kola unaigeuza kwa ncha ya mkasi, ukikosea unaitoboa. Marinda unayavuta kwa uzi mlegevu, unayagawa sawasawa, unayabana kwa pini, ndipo unayashona kiunoni. Zipu ya mgongoni ikipinda kidogo, gauni lote linakaa upande. Kupimisha ndiyo balaa, maana mtoto hasimami na pini zinamchoma. Mwisho unakwenda kwa fundi kulipia ovaloki, kwa sababu mshono usiofungwa utafumuka kwa kufuliwa mara chache. Jumlisha kitambaa, uzi, zipu, vifungo, nauli ya Kariakoo, na Jumamosi nzima. Kisha nenda soko la mitumba la Karume, inama kwenye rundo, utatoka na gauni lenye bitana kwa bei ambayo pengine haifiki hata ya kitambaa. Na ndani ya mwaka mtoto amerefuka, lile la kushona limekuwa blauzi.

Kwenye keki nakubali nimeshindwa: ya nyumbani isiyo na mapambo huishinda ya dukani kwa bei, na mara nyingi kwa ladha. Lakini keki inayodaiwa siku hizi haiko hivyo. Inadaiwa ghorofa mbili, katuni juu, picha ya kuweka status, na vipande vya kutosha darasa zima la chekechea.

Na kama lawama ni ya mtumba, mwenye uchungu wa kweli na nguo za kwetu angeanzia mahali pengine. Mwaka 2016 wakuu wa nchi za Afrika Mashariki walikubaliana kuiondoa mitumba ifikapo 2019. Wauzaji wa Marekani wakalalamika, Kenya, Tanzania na Uganda zikarudi nyuma, Rwanda ikashikilia ushuru wake na mwaka 2018 ikasimamishiwa nafuu ya kuuza nguo Marekani bila ushuru chini ya AGOA, sheria ya Marekani ya biashara na Afrika. Pamba ya Shinyanga na Simiyu sehemu kubwa inauzwa nje ikiwa haijafumwa. Mambo hayo yalizishinda serikali zenye mawaziri na mabalozi, halafu tunataka yatatuliwe na mama mmoja saa nne usiku chini ya taa, mtoto akimvuta sketi.

Saa ndizo zinazosahaulika katika hesabu hizi zote. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya 2004, pamoja na upungufu wake, angalau inazihesabu: inampa mama siku 84 za uzazi zenye malipo, na akirudi kazini anaruhusiwa hadi saa mbili kwa siku za kunyonyesha. Baba inampa siku 3. Hapo unaona mzigo umekaa upande gani tangu siku ya kwanza, kabla hatujataja gauni wala keki. Anayetaka kuongeza cherehani juu ya mzigo huo aseme kwanza ni saa ipi ataiondoa: ya kulala, ya kumsomea mtoto, au ya kukaa tu bila kufanya kitu, ambayo baba huipata kila Jumapili mpira ukianza na hakuna anayemwita mvivu.

Wanaopenda kushona na washone. Mimi nashona nikitaka, nikichoka naacha, na mwanangu hajawahi kuuliza pindo lake limetiwa na nani. Ninachotaka kila nyumba iwe nacho ni kujua kurekebisha: kurudisha kifungo, kuziba mpasuko wa paja kabla haujafika gotini, kukunjua pindo la sare mtoto anaporefuka badala ya kununua nyingine. Somo la Stadi za Kazi la shule ya msingi lilikusudia hayo kwa wavulana na wasichana sawa, ingawa shule nyingi zilifundisha kushona bila sindano, ubaoni. Na wewe baba uliyesoma mpaka hapa ukitikisa kichwa, fundi wa mtaani kwako ni mwanaume mwenzako, na hafungi mpaka saa mbili usiku. Mpelekee kaptura ya mwanao iliyofumuka, na umwombe asiishone yeye. Akuelekeze tu, uishone wewe.