POSHO KWANZA, JINA LA CHUO BAADAYE

Watumishi wenzetu wa Kibara,

Vijana wetu wengi wenye shahada hutafuta kwanza jina la chuo, ndipo huuliza habari ya fedha. Twaona desturi hii yawapotezea miaka. Yafaa kumtafuta kwanza mtaalamu aliyekwisha kupata fedha za utafiti, naye ahitaji mwanafunzi wa kuufanya.

Mfano u karibu. Kuanzia 1977 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Leiden, Uholanzi, walichunguza furu wa Ghuba ya Mwanza pamoja na Watanzania, wakaona jinsi walivyopungua mno miaka ya 1980, sangara alipozidi. Ghuba yetu ya Speke nayo yataka wachunguzi, na heri wawe watoto wake.

Asiyepata mradi wa namna hiyo auelekee msaada wa masomo wa Commonwealth, ulioanzishwa 1959, ambao hulipa ada, nauli na posho ya kujikimu.

Lakini mtumishi asitie sahihi kabla ya kuuliza: posho italipwa miaka mingapi? Gharama za uchunguzi ni za nani? Mwajiri atampa ruhusa pamoja na mshahara? Maana nyuma yake wako wazee na watoto. Elimu haina mwisho, akiba inao.